Kamba ya Nestory

Jua lilikuwa linazama nilipobeba kipaza sauti cha shule kwenda kukirudisha. Ni kile cha mkono, cha betri, chenye mdomo mpana. Nilikuwa nimemwahidi mwalimu mkuu kwamba kitalala ofisini siku hiyo hiyo, na ingawa nimestaafu, ahadi kwa mwalimu mkuu bado huniharakisha miguu.

Njia ni moja tu. Unashuka bonde, unavuka mto kwenye mawe ya kivuko, unapanda upande wa pili, unaiona shule. Mbele yangu alitembea Mwenyekiti Valerian, kwa kuwa nyumba yake nayo iko ng'ambo. Mvua zilikuwa hazijaanza. Mto ulikuwa umepungua hadi chini ya magoti, na ungeweza kuhesabu kokoto za chini.

Valerian alikuwa amebeba kamba. Alikuwa ameipitisha kichwani na kuivaa kifuani, kama wanavyovaa mikoba ya pembeni.

Nilipoiona hivyo nilisema, "Mwenyekiti, kamba haivaliwi."

"Mto wenyewe umekauka, Mwalimu," akacheka. "Unaogopa nizame kwenye kikombe?"

Ila niwaeleze hiyo kamba, ndipo mtaelewa yaliyofuata.

Kivuko chetu, kwenye bonde linaloteremka kutoka njia ya Kaengesa, kimechukua watu wengi. Ndiyo maana tulianzisha kikundi cha waokoaji. Hawalipwi. Mto ukifurika na mtu akachukuliwa, mmoja anaingia majini na ncha ya kamba, wengine wanabaki ukingoni wameishika. Maji yakiunguruma huwezi kusikia sauti, kwa hiyo wanazungumza kwa kamba. Ukivuta mara moja: nipo. Mara mbili: legezeni. Mara tatu: nivuteni. Nami niliwafundisha watoto darasani, kwa uzi uliofungwa kwenye mguu wa dawati. Na kanuni kubwa ya wote, mkubwa na mdogo, ni kwamba kamba inashikwa mkononi, haivaliwi, ili ukitaka kuiachia uiachie.

Nestory alikuwa mwanafunzi wangu tangu darasa la kwanza. Alitumia mkono wa kushoto, na aliposoma alisoma taratibu, silabi kwa silabi. Alipokua akawa muokoaji wa kwanza kuingia majini, na hata kamba aliivuta vile vile. Moja... kisha kimya. Mbili... kisha kimya. Tatu. Wenzake walimjua kwa mkono wake.

Kamba tuliichangia wenyewe. Valerian ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuinunua mjini. Akarudi na kamba ya bluu, akasema ni mpya, imara, ya kuvutia meli. Tukampigia makofi.

Mwezi wa tatu mto ulichukua wasichana wawili waliokuwa wanatoka kisimani. Nestory aliingia. Akamtoa wa kwanza, akamtoa wa pili. Kisha kamba ikasema mara tatu, taratibu.

Wakamvuta.

Kamba ikaja nyepesi.

Tulimtafuta mpaka mvua zikaisha. Hatukumpata. Sayi, kiongozi wa waokoaji, ambaye familia yake ilihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani, aliiangalia ncha iliyokatika. Ndani ilipukutika kama jivu. Alisema ni kamba ya kufungia turubai la lori, imeungua kwa jua miaka mingi, kisha ikapakwa rangi. Valerian akasema hapana, ni mapepo ya mto, kuna watu wamemroga kijana. Na huku kwetu mtu akishataja uchawi, maswali mengine yote hulala.

Kipande kilichobaki alikichukua mama yake, Cornelia. Akakitundika juu ya jiko lake, kikakauka kwa moshi.

Sasa jioni hiyo tulikuwa tunatoka kwenye changizo la pili, la kununua kamba nyingine kabla mvua hazijarudi. Mnada uliendeshwa na Selemani, mfanyabiashara wa Chanji mwenye mdomo usiochoka.

"Jogoo huyu hapa!" alipaza kwenye kipaza changu. "Hajaoa, hana madeni, halewi! Akina mama, mnataka nini tena?"

Watu walicheka. Sayi alitoa ndama. Wengine mahindi, maharage, ulezi. Kisha Cornelia akasogea mbele na kuweka kile kipande mezani.

"Mimi sina kuku," alisema. "Nina hii."

Selemani alikishusha kipaza.

"Mama Nestory, hii... hii tunaiuzaje?"

"Kama jogoo," akasema Cornelia.

Sayi akataja bei mara moja. Nilijua alichotaka. Alitaka kuipeleka kwa watu wa mjini wanaojua kamba, waifungue, waseme kilichomo. Valerian naye alijua. Akataja bei ya juu zaidi. Sayi akapanda. Valerian akapanda tena, jasho likimtoka, mpaka Sayi akaishiwa.

Kwetu kuna desturi ya mnada. Ulichonunua unakibeba mwenyewe, mabegani mwako, mpaka nyumbani. Ukikitupa njiani, au ukamwachia mtu, ni sawa na kunyang'anya ulichotoa. Cornelia alimwangalia Valerian akiichukua. Alizungumza kwa upole, kama anayemuaga mgeni.

"Sasa ni yako, Mwenyekiti. Ifikishe."

Ndiyo hiyo kamba aliyokuwa ameivaa kifuani tuliposhuka bondeni.

Kwanza nilisikia sauti.

Tii... tii... tii...

Matone. Nilikitazama kipaza changu, kikavu. Nikatazama mbele. Mgongo wa shati la Valerian ulikuwa umelowa.

"Mwalimu, umenimwagia maji?" aliuliza bila kugeuka.

"Sina maji."

Harufu ya moshi, iliyokuwa kwenye kamba tangu uwanjani, ilikuwa imekwisha. Badala yake ilinijia harufu ya tope la chini, lile ambalo halijawahi kuona jua. Na ndani yake, harufu ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni.

Alikanyaga jiwe la kwanza. La pili. Kipande cha kamba kilichokuwa kinaning'inia nyuma yake kikateleza kikaingia majini.

Kilitakiwa kufuata mkondo.

Hakikufuata. Kilijinyoosha kuelekea juu, mto unakotoka. Kikakaza.

"Imenasa," alisema Valerian.

Imenasa wapi? Chini palikuwa na kokoto tu. Niliziona.

Kamba ikavutwa. Mara moja.

Valerian alicheka kicheko kifupi. Akasimama juu ya jiwe, miguu imeachana.

Kimya... Ikavutwa tena.

Kimya...

Tena.

Taratibu. Silabi kwa silabi.

Nimesahihisha mwandiko wa watoto miaka mingi, na mwandiko wa mtu niliyemfundisha siwezi kuusahau.

"Mwalimu," alinong'ona Valerian. "Kuna mtu?"

Ndipo sauti ikatoka kwenye maji, chini kidogo ya miguu yake. Ilikuwa sauti ya adabu, ya mtoto aliyekutana na mwalimu wake njiani.

"Shikamoo, Mwalimu..."

Mungu anisamehe, mdomo ulizoea.

"Marahaba," nikaitika.

Valerian alitetemeka hadi jiwe likatikisika. Alianza kuivua kamba kichwani, lakini ilikuwa imembana kifuani, na kila alipoiingizia vidole ilizidi kubana. Kule majini ikavutwa tena. Moja... Mbili... Tatu.

"Anataka nini? Anataka nini huyu?"

Nilimjibu kama ninavyomjibu mtoto wa darasa la kwanza, polepole, ili asiogope.

"Mara tatu ni nivuteni. Mvute, Valerian. Hataki kingine. Mvute atoke, mama yake amzike."

"Nikimvuta watamwona."

"Ndiyo. Watamwona."

"Ataonekana na hiyo nusu ya pili!" Alikuwa analia sasa. "Watu wataiangalia! Nilidhani itashika, Mwalimu. Ile kamba, nilidhani msimu mmoja itashika. Kwani nilijua mto utajaa vile?"

Basi. Alilisema mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza.

Ilivutwa tena, taratibu, bila hasira yoyote. Mpaka leo hilo ndilo linalonisumbua. Nestory alikuwa anampa nafasi. Alimsubiri kama mimi nilivyomsubiri yeye zamani, akiwa na kitabu mbele yake, mpaka neno likamilike.

Valerian akaingiza mkono mfukoni. Akatoa kisu cha kukunja.

"Usikate," nilisema. "Valerian, mwanangu, usikate."

Akakata.

Ncha ikazama. Maji yakatulia kama maji ya kwenye sufuria. Bonde zima likanyamaza, hata vyura. Valerian alipumua kwa nguvu, akanigeukia, akatabasamu na uso uliolowa machozi.

"Umeona? Imekwisha. Wewe hukusikia kitu, na mimi si..."

Kile kipande kilichobaki kifuani mwake kikavutwa.

Hakukuwa na kitu kilichokifunga popote. Mkia wake ulikuwa mfupi kuliko mkono. Lakini ulisimama wima hewani, ukaelekea majini, ukatetemeka kama kamba iliyoshikwa na watu wengi wanaoegemea nyuma.

Mara hii haikuvutwa taratibu, wala kwa vituo.

Alikwenda kifudifudi. Maji yaliyokuwa chini ya magoti yalimmeza kichwa, mabega, mgongo. Niliona soli za viatu vyake zikipita kwenye kokoto zile zile nilizokuwa nikiziona, kisha sikuona soli, niliona kokoto tu.

Nilipiga kelele kwenye kipaza sauti mpaka betri ikaisha.

Sayi na wenzake walifika mbio kutoka uwanjani. Waliingia, wakapapasa kila jiwe. Maji hayakuwafika hata mapajani. Juu ya jiwe la kati walikuta kamba ya bluu, imekunjwa duara kwa duara, kama waokoaji wanavyoikunja kazi ikiisha. Sayi aliinyoosha kutoka ukingo hadi ukingo. Ilikuwa nzima. Nusu zote mbili, bila fundo, bila kiungo. Ilikuwa kavu na ilinukia moshi.

"Mwalimu," alisema Sayi, sauti chini. "Hii ni nini?"

"Sijui, baba," nikamwambia. Na sijui.

Asubuhi walimkuta Nestory. Alikuwa amelazwa kwenye majani ukingoni, mifupa ndani ya shati lake, mikono imewekwa vizuri kifuani. Valerian hakupatikana. Polisi walikuja, nikawaeleza niliyoyaona. Kijana aliyekuwa anaandika maelezo yangu aliacha kuandika katikati, akaniuliza kama nimekula.

Tulimzika Nestory na kamba yake. Kwenye mazishi watu walimtazama Cornelia kwa pembe ya jicho. Wapo waliosema kwamba alikwenda kwa mtu fulani, na kwamba ile kamba haikukaa juu ya jiko kwa ajili ya moshi tu. Mimi sikumuuliza. Lakini nilipompa mkono wa pole alijikunyata, nikavigeuza viganja vyake nikavitazama. Ngozi ilikuwa imechubuka, mbichi, mstari mwekundu kiganja hadi kiganja, kama ya mtu aliyevuta kamba nzito.

Jioni ile ya mnada alirudi nyumbani kwa njia ya mlimani, akiwa na wanawake wenzake. Wote wanasema hivyo.

"Imenichosha, Mwalimu," aliniambia. "Lakini amefika."

Changizo lilitosha. Sayi mwenyewe alikwenda kununua kamba mpya, nyeupe, tukaijaribu kwa kuifunga kwenye ng'ombe wake mmoja, vijana wanane wakivuta upande wa pili. Haikukatika. Mvua zilipokuja mto ulijaa, na kamba hiyo ikamtoa mama mmoja mjamzito, kisha mzee na baiskeli yake. Nilikuwepo mara zote mbili, maana sasa mimi ndiye ninayesimama na kipaza ukingoni.

Na mara zote mbili ilitokea vile vile.

Mtu ameshatoka. Muokoaji ameshatoka, anatetemeka, amefunikwa blanketi. Ncha ya kamba imebaki majini, haina mtu. Tunaanza kuikunja.

Inavutwa.

Tunajua si Nestory. Nestory amelala kwake. Huyu anavuta ovyo ovyo, kwa pupa, kama mtu ambaye hakuwahi kuja kwenye mazoezi hata siku moja. Lakini ukisikiliza kwa mkono vizuri, ukamvumilia kama mwanafunzi mzito, unaisikia. Mojambilitatu. Mojambilitatu. Mojambilitatu.

Mara ya kwanza vijana walinitazama, wakisubiri neno langu. Mimi ndiye niliyewafundisha maana yake. Maisha yangu yote nimewaambia watoto kwamba anayeomba msaada asaidiwe, hata kama humpendi.

Cornelia alikuwa amesimama karibu yangu, amejifunga khanga kichwani, viganja vyake vimepona. Alitazama maji.

"Mwalimu," Sayi aliniuliza. "Tuvute?"

Kamba ilikuwa inaruka ruka mikononi mwake.

Nilikishusha kipaza.

"Legezeni," nikasema.