Bangili Nyuma ya Pazia

Rafiki yangu mpiga picha hajui kuongopa, ndiyo maana hili alilonisimulia linaninyima usingizi. Mdogo wake aliolewa na mwanamume ambaye rafiki yangu ndiye aliyeanza kumpenda. Siku mdogo mtu alipofuata picha za harusi studio, aliketi kusubiri nyuma ya pazia jeusi, bangili alizonunuliwa na mumewe zikilia: cheng', cheng'.

"Dada, bado tu?"

"Tulia, mama. Mume hakimbii."

Roho ikimuuma, rafiki yangu akachomeka flashi mpya kwenye kompyuta ili anakili picha. Akabonyeza Kontroli C, kisha Kontroli V. Kompyuta ikauliza: picha yenye jina hili ipo tayari, ibadilishwe?

Ipo vipi, na flashi ni tupu? Ikamwonyesha zote mbili. Ukumbi ule ule, bwana harusi yule yule, ila kwenye ile iliyokuwepo, bibi harusi alikuwa yeye, rafiki yangu.

Akaitazama mpaka macho yakamwasha. Akabonyeza "Hapana", ile yake ibaki.

Nyuma ya pazia kukawa kimya.

"Mdogo wangu?"

Akanyoosha mkono gizani kulivuta pazia.

Cheng', cheng'.

Zililia mkononi mwake mwenyewe.