Kuku wa Mke wa Mtangazaji

Watu wa Mollo walizoea kumwita Valerian kwa jina la kazi yake. "Maiki, habari za asubuhi?" Naye hujibu kwa sauti nzito, kana kwamba hata salamu inapitia kwenye spika.

Valerian aliishia darasa la saba, lakini sauti yake inajulikana Sumbawanga yote. Kazi yake ni kuzunguka na gari la matangazo. Leo anatangaza mnada, kesho mkutano, keshokutwa sabuni mpya.

Mwaka huu salamu zilibadilika. Akitoka misa ya Jumapili, watu humuuliza, "Maiki, Zita hajambo? Hongereni bwana, mmepata msomi!"

Zita ni mdogo wake. Alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu na shahada ya habari na mawasiliano. Baba yao, mzee Kalisti, alitundika sebuleni picha ya Zita akiwa amevaa joho. Hapo ndipo ilipokuwa picha ya Valerian ameshika maiki. Picha ya Valerian ikahamia nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, haionekani. Valerian aliligundua hilo siku ile ile. Chai yake hakuimaliza.

Tena kulikuwa na habari ya maksai. Mkopo wa serikali haukumtosha Zita, mzee akauza maksai wao wawili, Mjeshi na Tabora. Valerian ndiye aliyewafundisha kuvuta plau. Tangu siku hiyo analima kwa jembe la mkono. Mgongo ukimuuma, anamkumbuka Zita.

"Mjeshi na Tabora wameuzwa ili mtu akasomee kuongea!" aliwaambia wenzake kijiweni.

Fransisko, fundi baiskeli, akacheka. "Na siku hizi kila mwenye simu ni mtangazaji. Msomi wenu yuko redio gani?"

"Redio Jikoni," Valerian akajibu.

Wakacheka wote. Naye alicheka, lakini alipofika nyumbani na kumkuta Zita anapepeta ulezi na mama, kicheko kilimwishia. Wivu ukabaki palepale.

Mwezi wa sita, afisa mifugo alikuja nyumbani. Jina lake Lutengano, mtu wa Mbeya.

"Shikamoo mzee," alimsalimia Kalisti. Kisha akamgeukia Valerian. "Maiki, nina kazi yako. Mdondo wa kuku umeshaingia bondeni, Mtowisa. Wachuuzi wanapandisha kuku huku kila siku. Kuku akishaugua mdondo hana dawa. Kinga yake ni chanjo, tone moja kwenye jicho, kabla hajaugua. Nitangazie watu walete kuku Alhamisi, saa nne asubuhi, ofisi ya kata."

"Nimekuelewa. Watajaa," alisema Valerian.

Zita alikuwa mlangoni. "Kaka, kwa nini tusipite kwanza kuwauliza akina mama? Maana wao ndio..."

"Wewe?" Valerian alimkatiza. "Unifundishe mimi kutangaza? Nimeshika maiki wewe bado unanyonya!"

Zita akarudi ndani. Valerian akaondoka na gari, akatangaza Mollo nzima mpaka sauti ikakauka.

Alhamisi walikuja watu watatu na kuku wao. Lutengano aliwachanja, kisha akaitazama chupa yake. "Chanjo ikishafunguliwa haikai, Maiki. Iliyobaki nitaimwaga. Jumamosi ya wiki ijayo nitajaribu tena. Safari hii watu wasipokuja, nitatafuta mtangazaji mwingine. Hata yule mdogo wako amesomea mambo haya."

Maneno hayo yalimwingia Valerian kama mwiba. Picha amechukua. Maksai amechukua. Sasa achukue na maiki?

Alirudi nyumbani amenuna. Kuku wa mke wake, Dominika, walikuwa wanachakura uani. Akasimama ghafla.

"Mama Yusto, hawa kuku wamechanjwa?"

"Hawajachanjwa."

"Hawajachanjwa! Mke wa mtangazaji! Hukunisikia?"

"Nimekusikia mpaka masikio yakauma," alisema Dominika. "Saa nne nilikuwa shambani navuna ulezi. Na kuku saa nne wako vichakani. Ungenikamatia wewe?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, baba Yusto. Ulikuwa unatangaza."

Valerian akaketi kwenye kinu kilichokuwa kimelala chini. Kuku wale ndio waliomnunulia mwanawe Yusto sare na viatu vya shule. Mdondo ungeingia hapo, banda lingebaki tupu.

Jioni alimfuata Zita. Ilikuwa vigumu. Aliuliza huku anatazama pembeni.

"Hivi huko chuoni mlifundishwa nini hasa?"

Zita hakumcheka. "Mimi nilidhani siku ya kwanza nitapewa maiki, kaka. Maiki ilikuja baadaye. Kwanza tulifundishwa kuuliza. Unayetaka kumwambia ni nani? Saa hizo yuko wapi? Anamwamini nani? Ameshasikia nini kabla yako? Na ukikosea, ni nani ataumia?"

"Basi? Ndiyo shahada hiyo?"

"Na kuhakikisha habari kabla ya kuisema. Siku hizi simu zimejaa maneno. Anayeweza kuyachambua anahitajika. Ila sikudanganyi, cheti hakijanipa kazi. Tulimaliza wengi na redio ni chache. Elimu hii ukiikalia haikulishi. Lazima uitumie mahali watu wanapoihitaji."

Valerian alikuna kichwa. "Kesho twende tukaulize."

Walipita nyumba kwa nyumba jioni, akina mama walipokuwa wamerudi kutoka shambani. Wengi walisema kama Dominika. Lakini kwa mama Rozina walisikia jambo jingine.

"Mimi kuku wangu hawachanjwi," alisema. "Kuna sauti imeletwa kwenye simu. Ati kuku akichanjwa hatagi tena."

Valerian alitaka kufoka. Zita akamgusa mkono. "Mama, ni nani anaongea kwenye hiyo sauti?"

"Hata simjui. Kaituma binti yangu."

"Naye kaipata kwa nani?"

"Hajui."

"Basi tumuulize anayejua." Zita akampigia Lutengano, akaweka simu kwa sauti kubwa. Lutengano alieleza taratibu kwamba hata kuku anayetaga huchanjwa, na ataendelea kutaga. Mama Rozina akamuuliza maswali mpaka akaridhika.

Walipomweleza yote waliyoyasikia, Lutengano alikubali kubadili mpango. Angepita mitaani alfajiri, kabla mabanda hayajafunguliwa.

"Zita atangaze basi," alisema.

Valerian akamtazama Zita.

"Hapana," alisema Zita. "Sauti wanayoiamini ni ya kaka."

Valerian alitangaza Ijumaa jioni, moto ukiwa umewashwa jikoni. Maneno yalikuwa machache. "Akina mama, kesho msifungue mabanda. Daktari wa kuku anakuja kwenu kabla hamjaenda kuvuna. Kuku anayetaga achanjwe, ataendelea kutaga."

Jumamosi kulikuwa na baridi kali ya Ufipa. Akina mama walisimama milangoni wamejifunika mablanketi, kuku kwapani. Mama Rozina alikuwa wa kwanza mtaani kwake. Chupa za Lutengano zilikwisha zote.

Mdondo ulipopanda kutoka bondeni, ulipita Mollo bila kufagia mabanda. Redio moja ya mjini ilisikia habari hizo, ikamwita Zita aendeshe kipindi cha wakulima mara moja kwa wiki. Malipo ni madogo, lakini ameanza. Siku nyingine hupanda gari la kaka yake, wakaulize watu kwanza.

Mzee Kalisti bado anamsifu Zita kila Jumapili, na Valerian bado huchomwa kidogo. Picha yake bado iko nyuma ya mlango. Lakini juzi Fransisko alimwita kijiweni.

"Maiki, siku hizi ukitangaza watu wanakuja kweli. Umesomea wapi?"

Valerian alifikiri, kisha akacheka.

"Chuo kikuu," alisema. "Ada walinilipia Mjeshi na Tabora."