Ikichemka, Usifunike

Kimbunga cha vumbi kiliruka ukuta wa ploti saa sita mchana, kikapita chini ya kamba ya nguo, kikafika kwenye sufuria mpya ya Mwihaki, kikaishia hapo. Hakikutokea upande wa pili. Watu wa Kitengela wamezoea vimbunga vya vumbi, vinazunguka na kupita kila siku ya kiangazi, na hakuna anayeacha kazi yake kuvitazama. Lakini huwa vinapita. Hiki kilikuja moja kwa moja kama mgeni aliyeelekezwa nyumba.

"Umeona?" Nyawira aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona vumbi," Mwihaki alijibu, akafunika sufuria.

Nyawira alikuwa wifi yake, dada ya marehemu Samuel. Alikuwa ametoka Rongai asubuhi hiyo akidai amekuja kusalimia. Wapi! Alikuja kuhakikisha kwa macho yake kama ni kweli mjane wa kaka yake amerudia kupika bia.

Ni kweli, alikuwa amerudia, na alikuwa na haki ya kuwa jeuri. Miaka sita iliyopita Samuel alianguka hapo hapo uani akikoroga kimea cha shayiri, moyo ukasimama. Kabla hata hajazikwa kwao Murang'a, ukoo ulishaamua: ni ile bia, imekaribisha jini nyumbani. Wakamwaga kila ndoo, na Mwihaki, kwa machozi na uchovu, akawaachia. Kuwaachia kule ndiko kulikomuuma kuliko yote, maana wote walichukulia kwamba amekiri kumuua mumewe. Sasa alikuwa amechoka kukiri.

Zamani yeye na Samuel walipikia kwenye ndoo ya plastiki iliyozungushiwa blanketi kuukuu. Safari hii alinunua vyombo vya maana: sufuria ya lita hamsini isiyoshika kutu, yenye mfereji chini na kipimajoto ubavuni, pampu ndogo ya kuzungusha maji ya kimea, na koili ya shaba ya kupoza. Alivipanga uani mchana kweupe, jirani aone, na akitaka asimulie.

Saa ya kwanza kimea hulowekwa kwenye maji ya moto na kufunikwa, ili joto lisitoroke. Nusu saa ilipopita, Nyawira aliinua pua.

"Wifi, hii ni harufu ya nini?"

Ilipaswa kuwa harufu tamu ya uji. Ilikuwa harufu ya udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi na kunyeshewa. Mwihaki alizima pampu apate kusikiliza. Pampu ilinyamaza, lakini ndani ya sufuria kitu kiliendelea kupumua, polepole, na kila kiliposhusha pumzi kifuniko kiliinuka kidogo na kurudi.

Saa ilipotimia alifunua. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa umepakwa matope mekundu, na kwenye matope kulikuwa na alama za vidole vitano. Udongo wa Kitengela ni mweusi, unaganda kwenye viatu kama lami. Udongo mwekundu uko kule walikomzika Samuel.

"Ngai!" Nyawira alirudi nyuma mpaka ukutani. "Mwaga hii kitu. Mwaga, tumpigie pasta."

"Pasta alikuja mwaka ule, mkamwaga kila kitu. Samuel alirudi?"

Mwihaki alichuja, akaondoa machicha, akarudisha yale maji ya kimea sufuriani yachemke, akawasha gesi. Moto ulikuwa mkali na kipimajoto kilipanda mpaka mwisho, na bado sufuria ilikuwa baridi akiigusa, na upepo ulikuwa umekufa na nguo zilining'inia kambani bila kutikisika na hata mbwa wa jirani, wale wasionyamaza kamwe, walikuwa wamenyamaza, na kutoka katikati ya povu, karibu kabisa na uso wake, ikaja sauti nzito yenye mkwaruzo, ikilivuta jina lake kwa namna ambayo mtu mmoja tu duniani aliwahi kulivuta.

"Mwihaki. Funika. Nasikia baridi."

"Ni yeye," Nyawira alinong'ona huku machozi yakimtoka. "Aki ni yeye. Ni Samuel wetu." Akakinyakua kifuniko.

Mwihaki alikishika upande wa pili. Wakavutana. Na niseme ukweli, mkono wake mmoja ulivuta na mwingine ulitaka kuachia, maana hakuna kitu alichokitamani miaka yote hiyo kuliko kusikia sauti ile ikiita jina lake.

"Funika, mpenzi. Baridi inaniua."

Hapo ndipo alipokumbuka. Mara ya kwanza kabisa yeye na Samuel walipopika, yeye alifunika sufuria ikichemka ili kuokoa gesi. Samuel alikimbia kutoka langoni na kiatu kimoja, akipaza sauti: Ikichemka, usifunike! Harufu mbaya hutoka na mvuke; ukifunika inarudi ndani, na wageni wetu watainywa. Samuel alimnunia wiki nzima kwa sababu ya kifuniko.

"Samuel hawezi kuniambia nifunike!" Mwihaki alipiga kelele. "Hata akiwa kaburini! Wewe si bwanangu. Wewe hata kupika hujui!"

Akampokonya Nyawira kifuniko, akakirusha mbali, akafungua gesi mpaka mwisho. Sauti ilibembeleza, ikatukana, ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Yeye alikoroga. Mvuke ulimchoma mkono ukatoka malengelenge, akakoroga tu, mpaka sufuria ikachemka kwa kishindo na mvuke mwekundu ukainuka ukizunguka, ukaangusha nguo zote kambani, ukaruka ukuta na kupotelea upande wa Namanga. Uani kukabaki harufu ya uji mtamu.

Nyawira alikuwa ameketi chini, kwenye vumbi.

"Kwa hivyo si bia ilimuua?"

"Ni moyo, Nyawira. Daktari aliandika. Hakuna mtu wenu hata mmoja aliyeisoma ile karatasi."

Nyawira akalia, na Mwihaki akamwacha alie.

Mwezi uliofuata bia ilikuwa tayari, safi, na Nyawira alikuja akanywa glasi mbili. Ila kuna jambo moja. Mwihaki huosha sufuria na kuiacha wazi jioni; asubuhi huikuta imefunikwa. Alikipeleka kifuniko kwa fundi wa kuchomelea, kikakatwa vipande vinne. Asubuhi iliyofuata akakuta sufuria imefunikwa kwa sinia la chapati.

Aliliondoa sinia, akainama, akatazama ndani ya ile sufuria tupu.

"Baridi utaizoea," alisema. "Mimi nimelala nayo miaka sita."