Ubao wa Waliokufa Vitani

Haya yalimpata Anverali, rafiki yetu wa North York, aliyekuwa akiandika historia ya klabu ya kriketi ya huko. Ubao wenye majina ya wachezaji waliokufa vitani ulipotea, na bila majina hayo historia isingekamilika. Alishuku kuwa Shahid, mtunza uwanja, ameuuza.

"Nani anunue ubao wa wafu, mzee?" Shahid alimjibu alipoulizwa. "Uko stoo. Ila mimi humo siingii."

Stoo haikuwa na taa. Anverali aliingia, akapapasa herufi zilizochongwa ubaoni, akisoma kwa sauti. Kila alipotaja jina, mahali fulani gizani kitu kama gongo la kupigia mpira wa kriketi kiligonga sakafu mara moja.

"Shahid, acha utani."

"Niko nje, mzee," Shahid aliitikia kutoka mbali.

Jina la saba lilikuwa limekwaruzwa, halisomeki, akaliruka. Akataja la nane. Kimya. Kisha gongo likaanza kugonga miguuni pake, polepole, bila kukoma, kama la mtu anayedai jina lake litajwe.