Ukungu wa Chupa ya Chai

Vidoli alivipanga vinne, lakini kwenye picha vilikuwa vitano.

Fundi wa meno bandia alihesabu mara mbili, kisha akajicheka. Mtu anayeshinda kuchonga magego ya wenzake atashindwaje kuhesabu hadi nne? Askari, mpishi, zimamoto na bibi harusi, wote wa plastiki, kila mmoja mfupi kuliko kidole gumba, walisimama mbele ya kisiki nyuma ya nyumba yake. Wa tano alikuwa pembeni, amewapa mgongo, na mgongo wenyewe umechunika.

Mchezo huo aliuanza wiki tatu zilizopita, binti yake alipovikinai vidoli, na ulikuwa umemnogea vibaya. Kila alasiri akitoka kazini alilala kifudifudi kwenye majani, simu imegusa ardhi ili vidoli vionekane vikubwa, huku mume wake, dereva wa lori, akimuuliza kama siku hizi anafuga siafu.

Picha hii aliipiga jana yake, alipotamani ukungu. Wazoefu wana mashine zao. Yeye mwanagenzi alibeba chupa ya chai, akamimina maji yaliyochemka kwenye tundu lililo chini ya kisiki. Hata hakuwaomba radhi wasioonekana walio chini, kama mama yake alivyomfundisha tangu utotoni kila anapomwaga maji ya moto. Mvuke ukapanda vizuri ajabu. Kitu kililia mle ndani, sauti nyembamba. Alidhani ni hewa inatoka, akasogeza simu karibu.

Siku hiyohiyo aliyohesabu vidoli vitano pichani, alirudi nyumbani kutoka kazini akapokelewa na harufu ya nywele zilizochemshwa. Binti yake wa miaka saba alikuwa amelala. Alipomwamsha, mtoto alipiga ukelele, na shati lilipofunuliwa mgongo wote ulikuwa malengelenge.

"Haya ni maji ya moto," daktari alisema hospitalini. "Nani alikuwa na mtoto?"

"Mimi, tangu niliporudi kazini. Lakini sikumgusa."

Daktari aliandika bila kumtazama. Kwenye korido, mume wake alimvuta pembeni.

"Mama watoto, niambie. Umemfanya nini?"

"Haki ya Mungu, sijamfanya kitu."

"Basi ameungua na nini? Upepo?"

Walirudi nyumbani na dawa ya kupaka, ila kila jua lilipofika utosini harufu ile ilirudi, ikaingia kwanza jikoni, ikapita sebuleni kama mgeni anayejua njia, ikasimama kitandani kwa mtoto, na hapo malengelenge mapya yalianza kuvimba mbele ya macho ya mama yake, moja baada ya jingine, kutoka mgongoni kwenda mabegani, kutoka mabegani kwenda shingoni, bila maji, bila moto, bila mtu. Siku ya tatu mtoto hakuweza tena kumeza. Fundi alijua mwanawe hataiona siku ya nne.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemleta mganga, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Alifukiza buhuri, akasoma, akamshika mtoto kisogoni. Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa chumbani. Kinywa cha mtoto kilifunguka, ikatoka sauti ya mwanamke mzima.

"Wangu alikuwa amelala."

Fundi alipiga magoti. "Sikujua kuna mtu."

"Alilia. Ukasogea, ukampiga picha."

Mganga alimtupia fundi jicho. "Ni kweli?" alinong'ona. Fundi aliinamisha kichwa.

"Nimekosa," alisema. "Nichome mimi. Mwache mwanangu aishi, sitaki kingine."

"Wangu hakuishi." Sauti ilicheka taratibu. "Haya. Wako ataishi. Na wewe umesema hutaki kingine."

Harufu ikakatika. Malengelenge yakanywea, ngozi ikarudi laini, hata kovu hakuna. Mganga alifuta jasho akasema ametoka, ametoka kabisa, na dada mtu akaanza kulia kwa furaha. Baba alikuja mbio kutoka uani. Mtoto alifumbua macho, macho yake yaleyale, akaomba maji. Fundi alimimina glasi, akamsogelea.

Mtoto aliiona glasi, akauona mkono ulioishika. Alijirusha kitandani hadi ukutani, kisha shingoni kwa baba yake.

"Usimwache anikaribie, baba. Nilikuwa nimelala akanimwagia maji ya moto. Nikalia. Akaja karibu akanipiga picha."

"Baba mtoto, si yeye anayekumbuka," mganga alianza. "Hayo kaachiwa na..."

"Wewe nyamaza." Mume alikuwa anamtazama mkewe. "Daktari aliniambia ni wewe, nikakataa. Apa. Apa hapa mbele ya mtoto kwamba hukumwaga maji hayo, hukumsikia akilia, hukupiga picha."

Fundi alifungua kinywa. Alilitafuta neno moja la uongo katika yote aliyosema mtoto, akalikosa.

Mume alichukua viatu vya binti yake, akatoka naye.