Kifuniko Chenye Vitone Vitatu

Mwaka 1954, wakati wa masika, injini ya lori la baba ilikaa sebuleni kwetu pale Mbeya kama mgeni asiyetaka kuondoka. Karakana hatukuwa nayo, na mvua ya Mbeya, wee, haina huruma! Kila siku nilirudi kutoka shuleni, nikavua sare, nikala kiporo, kisha nikachuchumaa barazani kuosha vipuri kwa mafuta ya taa. Mama yangu, Mwanahawa, alilalamika kwamba hata wali wake ulinuka mafuta hayo.

Baba, Muharami, alikuwa anaunganisha injini mbili kuwa moja. Bloku, yaani kiwiliwili cha injini yetu, ilikuwa nzima, lakini mikono ya pistoni ilikuwa imepinda. Kwa hiyo alinunua injini mbovu ya lori la mgodini Chunya ili atoe mikono yake sita. Kila mkono una kifuniko chake cha chuma, kinachofungwa kwa nati mbili kuishika krenki, ule mtaimbo mzito unaozunguka ndani ya injini.

"Mwantumu, sikiliza," baba alinionya. "Mkono na kifuniko chake vilichongwa pamoja. Havibadilishwi hata siku moja. Tazama vitone hivi."

Mafundi wa siku zile walitia alama kwa kupiga vitone: kimoja kwenye mkono wa kwanza na kifuniko chake, viwili kwenye wa pili, hivyo hivyo mpaka sita.

"Karai hili ni la vyuma vya Chunya, hili la vyetu. Usiondoke mpaka umalize."

Nikaondoka! Rafiki yangu Benedicta aliniita tukacheze rede, nami nikajidanganya kwamba ni mara moja tu. Niliporudi, mbuzi wa jirani alikuwa amepindua makarai yote mawili. Vipuri vingi nilikuwa nimeshavifunga kamba, kila kifuniko na mkono wake, vikasalimika. Lakini vifuniko viwili vilikuwa vimelala chini bila kamba, na vyote vilikuwa na vitone vitatu. Kumbe fundi wa Chunya na baba waliweka alama zilezile! Nikavigeuza huku na huku. Mwishowe nikachagua kile kilichong'aa, nikakifunga kwenye mkono wa tatu wa Chunya.

"Umemaliza?" baba aliuliza.

"Tayari, baba."

Siku ile ile baba alifunga mikono yote sita. Alipozungusha krenki, ilifika mahali ikakaza. Akazungusha tena, ikakaza palepale.

"Ni hizi beringi mpya," alisema. "Zitajilainisha zenyewe. Jumamosi lazima tuwe Chunya."

Jumamosi mama mdogo Mwanakhamisi alikuwa anaolewa, na sote tungesafiri kwa lori lile. Barabara ya Chunya niliijua: inapanda mlima, na korongo liko pembeni. Baba mwenyewe aliwahi kunieleza kwamba kifuniko kisicho chake kikipata moto hukatika, mkono wa pistoni ukatoboa bloku, na lori likazimika hapohapo mlimani, likarudi kinyumenyume.

Raha ikaniishia. Jumatano baba alifunga kichwa cha injini, Alhamisi bakuli la oili. Kila nati aliyoikaza ilinizidishia ugumu wa kusema. Mara tatu nilimwendea nikafungua mdomo, na mara tatu nikaishia kuuliza kama anataka maji. Naye, masikini, alinisifu kwa kila aliyepita: "Huyu ndiye fundi wangu msaidizi!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ijumaa baada ya sala walikuja wanaume wanane kuibeba injini. Waliifunga minyororo, wakapitisha gogo. Saulo, jirani yetu mwenye nguvu, akaanza kuhesabu: "Moja, mbili..."

"Msiibebe!" nilipiga kelele.

Wote wakanigeukia. Nikalia, nikasema yote: rede, mbuzi, kifuniko.

Saulo akaangua kicheko. "Haya, Muharami, fundi wako msaidizi huyo!"

Baba hakucheka. "Nisameheni, jamani," aliwaambia. "Rudini nyumbani. Kesho hatuendi popote."

Mama hakunipiga wala kunikemea. Alizikunja nguo za harusi, akazirudisha sandukuni. Afadhali angenichapa.

Tuliifungua injini ile kwa siku mbili, baba na mimi. Tulipotoa kifuniko cha tatu, beringi yake ilikuwa imekwaruzika upande mmoja, na hapo krenki ilikuwa imezungushwa kwa mkono tu! Baba akabadilisha beringi, akakitafuta kifuniko chenyewe kwenye debe la vyuma chakavu, akakifunga. Krenki ikazunguka laini, hata mimi niliiweza.

"Mwanangu," baba alisema akifuta mikono, "mimi pia nimekosa. Niliona inakaza, nikasingizia beringi kwa sababu ya haraka. Lakini wewe ulijua. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo, wakati kuna nati mbili tu za kufungua. Ukinyamaza tunafungua injini nzima, na harusi ya watu inapita. Ungenyamaza mpaka mlimani, tungezikana."

"Sitarudia, baba."

"Haya, nenda kwa mama yako. Kazi hiyo sina spana yake."

Mama alikuwa anachambua mchele. Nilisimama mbele yake, mikono imejaa oili, nikamwomba radhi. Alimaliza kwanza mchele uliokuwa kwenye ungo.

"Mdogo wangu anaolewa mara moja tu, Mwantumu, nami sikuwepo," alisema. "Lakini sote tuko hai. Nawa mikono, uje unisaidie."