Mihogo ya Mstari wa Mwisho

Kila Jumamosi, jua likiwa bado changa, wajukuu wa Bibi Sikuzani walishika majembe wakateremka shambani kupalilia. Zaidi, mvulana wa miaka kumi na mitatu, alitangulia. Mdogo wake Swaumu alimfuata mbiombio. Yasmin, binamu yao aliyehamia kijijini Kibuta kutoka Tumbi, mjini, mwezi uliopita, alikuja nyuma kabisa, akigonga nyasi kwa mpini wa jembe kabla ya kukanyaga.

"Unawabishia hodi nyoka?" Zaidi alimkaripia. "Kwa mwendo huo tutapalilia mpaka Idi!"

Yasmin akaendelea kugonga. Ndivyo alivyoumbwa. Maji aliyanusa kabla ya kunywa, kiatu alikikung'uta kabla ya kuvaa. Zaidi aliichukia tabia hiyo kama mtu anavyochukia mchanga kwenye wali.

Jumamosi moja, ilipofika saa sita, njaa iliwauma. Bibi alikuwa amekwenda msibani. Zaidi akang'oa mihogo ya mstari wa mwisho, uliopakana na pori, akawasha moto.

Yasmin akainama chini. "Kaka Zaidi, tazama. Nyayo za nguruwe pori zimefika hapa, zikageuka. Kwa nini hawakuila?" Akagusa kipande cha muhogo kwa ncha ya ulimi, akatema. "Ni mchungu!"

"Kumbe nguruwe ndiye mwalimu wako!" Zaidi akamsukuma, Yasmin akaanguka juu ya tuta. "Rudi kwenu Tumbi ukale mkate. Hapa hatutaki waoga. Na maji yetu usiyaguse!"

Swaumu akacheka mpaka akashika mbavu.

Yasmin akaenda kukaa mbali, machozi yakimlengalenga. Mihogo ilitoka motoni nje imeungua, ndani mibichi. Swaumu akaipaka chumvi na pilipili hata uchungu ukajificha, akala miwili. Zaidi aliendelea kuchoma. Alitaka kula akiwa na rundo mbele yake.

Haukupita muda, Swaumu akashika kichwa. Akatapika. Magoti yakamlegea, akaanguka.

"Usile!" Yasmin aliruka, akaupiga muhogo uliokuwa mkononi mwa Zaidi.

Safari hii Zaidi hakumtukana. "Tumpeleke zahanati. Tukifuata njia ya kuzunguka, tutachelewa. Tukate porini!"

"Porini kuna miiba," Yasmin alisema. "Mimi siwezi."

"Mimi naweza. Kaa naye!" Zaidi akapenya porini pekupeku, akikimbilia barabarani.

Yasmin alimlaza Swaumu ubavu ili matapishi yasimkabe, kisha akafunga kipande cha muhogo ndani ya jani. Zaidi aliporudi na mwendesha bodaboda, miguu yake ilikuwa inachuruzika damu. Kule zahanati, muuguzi alikitazama kile kipande, akatambua sumu ya muhogo mchungu, akajua la kufanya. Siku hiyohiyo Swaumu akapelekwa hospitali, Kisarawe mjini.

Siku ya tatu alirudi, amekonda lakini mzima. Bibi akawaita wote kwenye mstari ule.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Askari wangu hana bunduki wala rungu, ana uchungu tu."

Zaidi akakuna kichwa. Yasmin akasema polepole, "Ni mihogo hii, Bibi."

"Umepata. Msimu huu nimepanda michungu ukingoni, ili nguruwe wakionja wageuke. Kosa langu, sikuwaambia. Lakini wewe Zaidi, uliambiwa na mwenzako!" Bibi alimkazia macho. "Ningepanda mitamu mitupu, nguruwe wangeimaliza. Ningepanda michungu mitupu, mngekula nini?"

"Tungelala njaa," Zaidi alijibu, macho chini.

"Na ninyi ni hivyohivyo. Mngekuwa kina Zaidi watupu, leo ningekuwa nazika wajukuu watatu. Na Swaumu alipoanguka, mngekuwa kina Yasmin watupu, mngekuwa bado mnaitafuta njia isiyo na miiba, naye amekata roho. Nyumba yenye tabia moja hufa kwa ugonjwa mmoja. Usimfukuze mwenzako kwa kuwa hafanani nawe. Hujui ni siku gani utamhitaji."

Zaidi akamgeukia binamu yake. "Nisamehe, Yasmin."

"Yamekwisha, kaka. Miguu yako bado inauma?"

"Kidogo."

Jumamosi iliyofuata, walipofika penye nyasi ndefu, Zaidi alisimama, akampisha binamu yake.

"Tangulia wewe," alisema. "Lakini gonga upesi!"